Wiki 12 kabla ya kambi ya muziki: jibu kwa baba wa Bombo

Swali: Assalaam alaikum, Mwalimu. Mimi ni askari, naishi Bombo, Uganda, na familia yangu. Binti yangu ana miaka 16, yuko S.3, yaani mwaka wa tatu wa sekondari. Alianza klarineti kwenye bendi ya watoto wa kambi ya jeshi, na shuleni anapiga amadinda, ile marimba ya Kiganda, katika kikundi cha ngoma. Sasa amekubaliwa kwenye kambi ya muziki ya wiki 5 huko Marekani, ya vijana ambao hawajafika chuo. Inaanza mwisho wa Juni, kwa hiyo zimebaki wiki 12. Sisi nyumbani hakuna anayejua nota. Tumsaidie vipi ajiandae? Na mwalimu wake wa klarineti amemwambia aache amadinda kabisa mpaka atakaporudi. Ni kweli inamharibia?

Waalaikum salaam, Afande. Mpe hongera binti, na mama yake pia, maana najua kelele za klarineti ya mwanafunzi zinavyosikika ndani ya nyumba za kambini. Nami nimekulia katika nyumba za namna hiyo.

Nianze na swali lako la mwisho. Asiache amadinda.

Mwalimu wake anamtakia mema, na hofu yake naielewa. Muda ni mfupi, na sauti 5 za marimba yetu hazikai pale zinapokaa sauti za piano. Sikio linaweza kuyumba. Lakini nimekaa kwenye viti vya bendi tangu nikiwa mdogo kuliko binti yako, na nimefundisha klarineti Kampala na Jinja kwa zaidi ya miaka 20. Wanafunzi niliowaona wakilemewa wiki ya kwanza ng'ambo hawakuangushwa na vidole. Vidole vyao vilikuwa vizuri, ndiyo maana walikubaliwa. Waliangushwa na mambo mawili: hawakuzoea kusoma ukurasa mpya papo hapo, na hawakuzoea kushika sehemu yao huku jirani akipiga kitu tofauti kabisa. Hilo la pili binti yako analo tayari, na alilipata kwenye amadinda.

Siku moja nenda ukamtazame vizuri wakifanya mazoezi. Vibao ni 12. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, marimba katikati yao. Mmoja anaanza, ndiyo okunaga. Wa pili anaingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, pigo kwa pigo, bila nafasi kubaki. Hiyo ni okwawula. Wa tatu anasikiliza sauti mbili za chini kabisa zinavyojitokeza katika mchanganyiko ule, anazirudia juu kwenye vibao viwili vidogo. Hiyo ni okukoonera. Wimbo unaousikia wewe uliyesimama pembeni hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Kila mmoja anapiga sehemu yake kwa mwendo ule ule, na kila mmoja anahisi pigo lake ndilo pigo lenyewe, ingawa linaangukia katikati ya pigo la mwenzake. Akisita kidogo tu, wote wanabomoka.

Sasa mweke mtoto huyo kwenye okestra, kiti cha klarineti ya pili. Wenzake wanapiga moja, yeye ameandikiwa apulize baada ya moja. Kurasa tatu nzima. Wanafunzi wengi wanaojifunza peke yao na piano huvutwa: sikio linamkimbilia mwenye wimbo, na pigo la pembeni linageuka kuwa pigo la mbele. Nilikuwa na msichana mmoja wa Jinja, mpigaji wa embaire, ile marimba kubwa ya Basoga. Mara ya kwanza kukaa katika okestra alinishangaza. Alifumba macho kidogo, akasikiliza besi mara mbili, kisha akaingia katikati yao na hakutoka tena mpaka mwisho. Nilipomuuliza alifanyaje, alisema, "Nilijifanya nimekaa ng'ambo ya vibao." Huwezi kumfundisha mtu jambo hilo kwa wiki 12.

Wala si mawazo yangu mimi peke yangu. Justinian Tamusuza, mtunzi wetu aliyefundisha Makerere, aliandika muziki wa ala nne za nyuzi kwa mantiki hiyo hiyo ya Kiganda, na kikundi cha Kronos Quartet cha Marekani kikautoa katika albamu yake ya mwaka 1992. Ng'ambo wanaijua thamani ya kitu hiki. Itakuwa huzuni binti afike huko akiwa amekiacha nyumbani kwa kudhani ni mzigo.

Ila nina sharti moja. Asipige amadinda na kushika klarineti saa hiyo hiyo. Apumzishe sikio, kisha afungue programu ya kupimia sauti kwenye simu, aiweke kwenye A ya 440, apulize nota ndefu dakika 5 huku akitazama mshale. Hapo sikio litarudi mahali pake. Hofu ya mwalimu itakuwa imepata dawa, naye binti hatakuwa amekatwa mkono mmoja.

Tuje kwenye lile analokosa, yaani kusoma.

Sijamsikia binti yako, lakini bendi za watoto nazijua. Mwalimu anaimba, mtoto anashika, na ndani ya wiki moja wimbo uko kichwani. Kwenye kwaya za shule wanasoma do-re-mi zilizoandikwa kwa herufi. Ni njia nzuri, imewapa watoto wa Uganda masikio ambayo wengine wanayalipia fedha nyingi. Lakini mtoto anafika S.3 akiwa na wimbo mgumu mmoja aliousoma kwa miezi 6, na huo ndio aliorekodi kwa ajili ya maombi. Kambini watampa mafaili matatu siku ya kwanza: okestra, kikundi kidogo cha wapuliza ala watano, labda na bendi kubwa. Mazoezi yanaanza kesho yake. Onyesho la kwanza linaweza kuwa mwisho wa wiki. Hakuna miezi 6 huko, Afande, hakuna hata siku 6.

Kwa hiyo katika wiki hizi 12 jambo la kwanza kila siku, kabla hajachoka, liwe dakika 15 za kusoma ukurasa ambao hajawahi kuuona. Nakueleza ninavyofanya darasani, ili uweze kumsimamia hata kama hujui nota. Unaweka karatasi kwenye stendi ikiwa imegeuzwa. Unamgeuzia, unahesabu sekunde 30 kwenye saa yako. Katika sekunde hizo hapulizi. Anatafuta mambo manne: ufunguo ni upi, mapigo ni mangapi, baa gani ina nota nyingi kuliko zote, na kuna mahali gani ufunguo au mwendo unabadilika. Baa ni kile chumba kimoja kati ya mistari miwili ya wima. Muda ukiisha, washa metronomu, kile kipima mapigo, polepole, pigo 60 kwa dakika au hata 50. Anaanza, na kuanzia hapo kuna sheria moja tu: hasimami. Akikosea nota, aiache iende. Akipotea kabisa, anyamaze, ahesabu, aingie tena kwenye mwanzo wa baa inayofuata. Wewe kazi yako ni kukaa na kalamu na kuweka alama kila anaposimama. Nota alizokosea usizihesabu.

Mwanzo alama zitakuwa nyingi, na binti atakasirika, kwa sababu amezoea kusikika vizuri. Hapo ndipo ninyi wazazi mnahitajika. Mwambie kwamba kupotea na kuingia tena ni ufundi wa peke yake, na kwamba mwongozaji wa okestra hasimamishi watu 70 kumsubiri mmoja. Baada ya wiki tatu au nne utaona alama zinapungua. Ukurasa uliokwisha kusomwa usirudiwe siku nyingine, maana ukirudiwa mara ya tatu ameshaushika kwa sikio. Kurasa hazitakosekana. Maktaba ya mtandaoni ya IMSLP ina maelfu ya nota za bure za watunzi wa zamani. Pakua kwa wingi siku mkiwa na kifurushi cha data, chapisha chache kila wiki, na uchague zilizo rahisi kuliko uwezo wake. Mazoezi haya yanataka nyimbo nyepesi nyingi. Ngumu azibakize kwa saa nyingine.

Halafu kuna majina. Hili ni dogo lakini limewatoa jasho wengi. Sisi hapa tumejifunza nota kwa majina ya Kiingereza cha Uingereza, kwa sababu mitihani yetu mingi ni ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza: semibrevi, minimu, krocheti, kwava, semikwava. Wamarekani hawayatumii. Wao wanagawa nota kama chapati: nota nzima, nusu, robo, sehemu ya nane, sehemu ya kumi na sita. Baa wanaiita kwa neno lao, kipimo. Mwongozaji anaongea haraka, anasema turudi kipimo cha 45, tuanze na zile sehemu za nane kabla yake, na mkono uko juu tayari. Mtoto aliyezoea kwava na krocheti anabaki akitafsiri wakati wenzake wameshapuliza. Amwambie mwalimu wake kwamba kuanzia wiki hii wazungumze kwa majina ya Kimarekani tu. Ndani ya siku 10 ulimi utakuwa umezoea. Na kwenye do-re-mi, ajiandae kukutana na darasa ambalo do haihami: do ni C daima, hata kama wimbo uko kwenye G. Asibishane nao. Ni mfumo mwingine tu.

Awe pia na penseli kwenye stendi, kila siku, kuanzia sasa. Mwongozaji akisema neno, liandikwe hapo hapo. Nilipokuwa kijana nilikaa kwenye okestra ya wageni bila penseli, nikakosea sehemu ile ile mara tatu, na mara ya tatu mwongozaji hakunitazama tena. Alikuwa ameshakata tamaa na mimi. Nalikumbuka hadi leo.

Kuna jambo la klarineti lenyewe ambalo bendi za hapa haziligusi. Bendini yeye ana klarineti ya B-flati, na bendi nzima hujipima kwa B-flati, ambayo kwake ni C. Okestra hujipima kwa A inayotolewa na oboe, ambayo kwake ni B ya mstari wa katikati. Aizoee sauti hiyo, aishike imara bila kuisukuma juu. Zaidi ya hapo, watunzi wa okestra waliandika sehemu nyingi kwa klarineti ya A, dada yake ile ndefu kidogo. Koncheto maarufu ya Mozart ya mwaka 1791 iliandikwa kwa klarineti ya A. Hapa kwetu ni wachache wanaoimiliki, na sikushauri uuze ng'ombe kuinunua. Andikieni kambi mapema muwaulize kama wana ya kuazima. Wakati mnangoja jibu, ajifunze kuisoma sehemu ya A kwa B-flati yake: kila nota ishuke nusu toni. Kwa maneno inasikika rahisi, lakini ufunguo wenye flati moja unageuka kuwa wenye shapu nne, na vidole vinachanganyikiwa. Dakika 5 kwa siku, wimbo wa pole kabisa. Hata akiishia kuweza mistari miwili tu, atakuwa amewapita wengi wa rika lake.

Na yale majaribio ya kupanga viti? Kambi nyingi hufanya hivyo siku za mwanzo: kila mtoto anapuliza skeli, yaani ngazi za sauti, kipande kifupi alichoandaa, vipande vya okestra walivyotumiwa kabla, na ukurasa mpya wa kusoma. Matokeo yanaamua atakaa wapi na katika kikundi gani. Usimwambie lazima awe wa kwanza. Kiti cha tatu katika kundi zuri kinafundisha zaidi, na kambi nyingi huwabadilisha watoto viti katikati ya msimu au kwa kila wimbo. Skeli zote 12 za meja azijue kwa kichwa, mwendo sawa kutoka chini hadi juu, na skeli ya kromatiki pia, ile inayopanda kwa nusu toni. Hizo hazina njia ya mkato.

Mwili nao una hesabu zake. Mtoto wa bendi ya shule anapuliza labda saa moja mara tatu kwa wiki. Kambini atapuliza kwa muda wa saa 4, siku nyingine 6, siku 6 za wiki. Nimeona midomo iliyopasuka kwa ndani, na zaidi nimeona kidole gumba cha kulia, kile kinachobeba uzito wote wa klarineti, kikivimba mpaka mtoto hawezi kushika kikombe. Apande taratibu. Wiki hizi za kwanza dakika 45 kwa siku, zigawanywe mara mbili. Likizo ya Mei ikifika, muhula wa kwanza umefungwa na yuko nyumbani, afikishe muda wa saa 2 kwa siku, kisha saa 2 na nusu. Wiki ya mwisho kabla ya safari awe anaweza saa 3 kwa vipindi vinne, na kati ya vipindi ala iwe kwenye kasha na mikono inapumzika. Mkanda wa shingoni wa klarineti ni wa bei ndogo na unaokoa gumba. Mtu akikwambia ni wa watoto wadogo, usimsikilize. Na gumba likiuma, asimame siku hiyo hiyo. Asijikaze kiaskari, Afande. Hili nakuomba.

Ala yenyewe: hukusema kama ni ya mbao au ya plastiki. Ya plastiki haina matatizo mengi. Ikiwa ni ya mbao, basi ni mpingo, ule ule unaokatwa Tanzania na Msumbiji na kurudi kwetu kama klarineti kutoka Ulaya. Mpingo hupasuka ukipata joto ndani na baridi kavu nje kwa ghafla, na huko vyumba vyao vina viyoyozi vikali hata kama jua linawaka nje. Aishike mikononi dakika chache kabla ya kupuliza, aifute ndani kila baada ya kipindi, asiiache ndani ya gari wala karibu na kiyoyozi. Uwanja wa ndege aingie nayo mkononi. Kasha la klarineti linaenea chini ya kiti, na kwenye shehena ni baridi na mizigo hurushwa. Kisu cha kuchongea ridi, kile kijiti cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni, kiende kwenye begi kubwa, kisiwe mkononi. Mpingo uliwekewa masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2017, watu wakaogopa sana, lakini tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa katika masharti hayo. Hatahitaji kibali cha klarineti.

Ridi anunue boksi mbili za 10, na asizifungue zote. Azungushe nne kwa zamu, aziandike namba kwa penseli. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ina unyevu. Huko kambi nyingi ziko chini zaidi, na ridi iliyokuwa tamu hapa inaweza kulegea au kukaza ikifika. Kama anatumia namba 2 na nusu, boksi moja iwe ya 3.

Sasa karatasi, na hapa nitakwenda haraka kwa sababu ofisi ya kambi ndiyo yenye majibu. Anzeni wiki hii. Programu ya masomo ya saa 18 au zaidi kwa wiki kwa kawaida huhitaji viza ya mwanafunzi ya F-1. Kambi inatuma fomu ya I-20, nanyi mnalipa ada ya SEVIS, ule mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, mbali na ada ya viza yenyewe. Ikiwa ni pungufu ya hapo, viza inaweza kuwa ya aina nyingine. Kambi ndiyo iseme, si jirani wala wakala wa Kampala. Kanuni za viza za Marekani kwa nchi za Afrika zimebadilika mara kadhaa tangu mwaka 2025, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi siku ile unayojaza fomu, na usilipe tiketi isiyorudishwa kabla viza haijawa mkononi. Mtoto anasafiri peke yake, basi awe na barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kadi ya homa ya manjano aibebe pia. Wamarekani hawaiulizi, lakini anaihitaji kuingia tena Entebbe.

Shule usiisahau. Wao wanasema kiangazi, sisi huku ni katikati ya muhula wa pili. Katika mtaala mpya asilimia 20 ya matokeo ya UCE, mtihani wa mwisho wa S.4, inatokana na kazi za shuleni, na S.3 ni kipindi hasa cha kazi hizo. Nenda kwa mwalimu mkuu mapema na barua ya kambi mkononi, muulize kazi zipi zitafanywa wiki hizo 5 na kama anaweza kuzitanguliza au kuzifidia. Walimu wengi hukubali wakiombwa Aprili. Wakishtukizwa Juni, wanakuwa wagumu.

Afya: fomu ya kambi itataka orodha ya chanjo, na pengine mtaongezewa moja au mbili. Jambo ambalo fomu huenda isiliulize ni malaria, na ndilo naliogopa kuliko yote. Malaria kali kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa na mbu. Maana yake mbu wa Bombo anaweza kumlaza akiwa Marekani, na muuguzi wa kambi atadhani ni mafua. Andikeni kwenye fomu kwa herufi kubwa kwamba anatoka eneo la malaria. Binti mwenyewe akariri maneno ya kusema akipata homa: natoka Uganda, naomba nipimwe malaria leo.

Kuhusu chakula cha halali na hijabu, kambi hizi zimeshapokea watoto wa kila namna. Interlochen ya Michigan imekuwapo tangu 1928, ile ya Tanglewood, chini ya Chuo Kikuu cha Boston, tangu 1966. Jaza sehemu ya chakula mapema na kwa uwazi. Mavazi ya onyesho mara nyingi ni nyeusi tupu, basi mshonee hijabu nyeusi mbili za kitambaa chepesi zisizofunika gumba wala kugusa vitufe.

Simu huenda zikawekewa masharti, kwa hiyo kubalianeni siku za kuongea. Akiwa Michigan au Tanglewood, saa zetu ziko mbele kwa 7: kwake saa 1 asubuhi, kwenu ni saa 8 mchana. Wiki ya kwanza atalia. Mama yake asimwambie arudi.

Na kama anataka kubeba kitu cha nyumbani awaonyeshe wenzake, abebe endere, ile filimbi yetu, na aitangaze forodhani. Asibebe engalabi, ile ngoma ndefu, wala endongo, ile ala ya nyuzi, ya ngozi ya kenge: kenge wa Mto Nile yuko kwenye orodha ya CITES, na bila kibali ala hiyo inaweza kuchukuliwa uwanja wa ndege. Kuhusu amadinda, haina haja ya kusafiri. Vibao vya marimba vitakuwapo kwenye chumba cha ngoma cha kambi, vya sauti nyingine, lakini atafute rafiki mmoja, amkalishe ng'ambo, amfundishe okunaga, kisha yeye achukue okwawula.

Kambi ikimtumia vipande vya majaribio, nipigie picha unitumie siku hiyo hiyo. Nitaweka alama mahali pa kuvuta pumzi, nikurudishie.